Bima ya Rununu: Ahadi ni Deni, Lakini kwa Lugha Gani?

Wahenga walisema ahadi ni deni. Katika biashara ya bima, kauli hiyo si methali tu, bali ndiyo bidhaa yenyewe. Anayenunua unga huondoka dukani na pakiti mkononi. Anayenunua rununu huondoka nayo mfukoni. Anayenunua bima ya rununu huondoka na maneno yaliyoandikwa karatasini. Hana cha kupima, kunusa wala kujaribu kabla ya siku ya msiba, na siku hiyo ikifika ndipo anapogundua kama alinunua kinga au alinunua karatasi.

Swali la iwapo bima ya rununu inafaa kununuliwa limekuwa likiulizwa sana mabwenini, madukani na katika foleni za vituo vya polisi. Aghalabu hujibiwa kwa hasira na aliyenyimwa fidia au kwa tabasamu na anayeiuza. Makala haya yanashikilia mambo mawili. Kwanza, kwa wanafunzi wengi na wananchi wa kipato cha chini, bima hii haifikii thamani ya bei yake. Pili, hata wale wachache ambao ingewafaa wataendelea kupunjika maadamu ahadi yenyewe inatangazwa kwa Kiswahili na kuandikwa kwa Kiingereza. Jambo hili basi si la wanauchumi na mawakili pekee. Linawahusu pia wanaoshinda vyuoni wakiisoma lugha hii.

Simu na Bima

Maneno yote mawili, simu na bima, yana asili ya Kiajemi. Bima hutumika vilevile katika Kihindi na Kiurdu, na yamkini haikuwa ngeni masikioni mwa wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi. Simu nayo asili yake ni uzi wa madini, yaani waya. Leo kifaa kinachoitwa kwa jina hilo hakina waya wowote, na kwa sababu hiyo kinaweza kuchukuliwa na yeyote, mahali popote, kwa kufumba na kufumbua. Simu ya waya ilikuwa nadra kuibwa. Ilikuwa imefungwa ukutani au mezani pamoja na mwenyewe.

Bima ya kisasa nayo ilikulia baharini. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 17, mkahawa wa Edward Lloyd jijini London ulikuwa kituo cha manahodha, wenye meli na matajiri waliokuwa tayari kubeba sehemu ya hasara ya chombo kikizama. Mantiki yao ilikuwa nyepesi. Meli kuzama ni tukio la nadra, lakini likitokea humfilisi mwenyewe kabisa. Wengi wakichanga kidogo kidogo, mmoja aliyepatwa na janga huokolewa. Hata pwani ya Afrika Mashariki, ambako jahazi lingeweza kuondoka na mali ya ukoo mzima, mantiki hiyo haihitaji mfasiri. Kwa muhtasari, bima ni ya msiba wa nadra usiobebeka.

Je, kupotea kwa rununu ni msiba wa aina hiyo? Jibu limebadilika pamoja na kifaa chenyewe. Simu za mkono zilipoanza kuenea nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilikuwa za kupiga na kupokea, kutuma ujumbe mfupi na, kwa zile zilizokuja kubatizwa mulika mwizi, kumulika njia gizani. Mwezi wa Machi mwaka wa 2007 huduma ya M-Pesa ilizinduliwa, na rununu ikawa kibeti. Baadaye ikawa kamera, maktaba, darasa na ofisi. Mwendeshaji wa bodaboda hupokea wateja kupitia kwayo. Muuza mboga hulipwa kupitia kwayo. Mwanafunzi wa fasihi simulizi aliyekwenda nyanjani hurekodi kwayo sauti za magwiji ambao pengine hawatarekodiwa tena. Hofu ya kuipoteza basi ni hofu ya kweli, wala si deko la vijana. Hofu hiyo ndiyo soko la bima, na palipo na hofu pana haja ya kuuliza ni nini hasa kinachouzwa.

Kuibiwa si Kupotelewa

Malalamiko mengi kuhusu bima ya rununu huzaliwa katika pengo lililopo kati ya neno la mteja na neno la mkataba. Mteja husema, "Simu yangu imeibwa." Kwake yeye, neno hilo linatosha. Kwa mkataba, halitoshi hata kidogo. Mikataba mingi ya aina hii hufidia wizi uliotumia nguvu, vitisho au uvunjaji. Simu iliyotolewa mfukoni bila mwenyewe kuhisi, iliyochukuliwa juu ya meza mkahawani au iliyosahaulika kitini katika matatu mara nyingi huwa haimo. Hata sheria ya jinai ina mipaka yake katika jambo hili. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, hutenganisha wizi wa kawaida na unyang'anyi, unyang'anyi ukiwa ni ule unaoambatana na nguvu au tishio la nguvu.

Mwanafunzi wa Kiswahili atatambua mara moja kwamba lugha yake haina uhaba wa kueleza tofauti hizi. Mchopozi huchopoa, mwathiriwa hugundua baadaye. Anayekwapua hunyakua kwa ghafla na kutoroka, na mwathiriwa humwona kisogo. Anayenyang'anya hutumia nguvu au vitisho. Anayedokoa huchukua kidogo kidogo kwa siri. Asiyejua kitu chake kilikwenda wapi hupotelewa. Aliyekiacha mwenyewe husahau. Kila kitenzi hapa kina kisa chake, na kila kisa kina matokeo yake mbele ya afisa wa bima. Aliyenyang'anywa yumkini atalipwa. Aliyekwapuliwa atabishaniwa. Aliyechopolewa ataambiwa hakukuwa na nguvu. Aliyepotelewa atashukuriwa kwa kuwasiliana na kampuni na kuombwa afunge mlango anapotoka.

Kuna pia msururu wa masharti ya utaratibu. Tukio sharti liripotiwe kwa polisi, liandikwe katika kitabu cha matukio na hati ya polisi, maarufu kama abstrakti, itolewe. Kampuni nayo sharti iarifiwe katika muda uliowekwa, ambao waweza kuwa saa 24 au 48 kutegemea mkataba. Mtu aliyeporwa simu hana simu ya kupigia. Stakabadhi ya ununuzi yenye jina lake huhitajika, na vilevile nambari ya utambulisho ya kifaa. Nambari hiyo ina tarakimu 15, na huonekana mtu akibonyeza *#06#. Wangapi waliwahi kuibonyeza wakaiandika mahali? Mali bila daftari huisha bila habari.

Ziko hasara nyingine ambazo huachwa nje ya mkataba: mikwaruzo isiyozuia simu kufanya kazi, betri iliyochakaa, programu iliyoharibika, simu iliyofunguliwa na fundi asiyeidhinishwa, na katika mikataba mingine simu iliyokuwa mikononi mwa mtu mwingine wakati wa ajali. Zaidi ya yote, kilichokatiwa bima ni chombo, si kilichomo. Pesa zilizohamishwa na mwizi aliyeijua nambari ya siri, picha za marehemu mzazi, rasimu ya tasnifu na rekodi za nyanjani kwa kawaida hazimo katika fidia. Mtafiti aliyepoteza saa kumi za mahojiano aweza kuletewa kifaa kipya kinachong'aa, kitupu kama mtungi uliopasuka. Fidia imelipwa, hasara imebaki palepale.

Ni haki kusikiliza upande wa pili pia. Kampuni za bima hazikubuni masharti haya kwa inda tu. Wapo wateja wanaouza simu zao za zamani kisha kuripoti kwamba zimeibwa, hasa toleo jipya linapotoka. Wapo wanaokata bima baada ya kioo kupasuka. Bima husimama juu ya kanuni ya nia njema kamili, ambapo kila upande unawajibika kuueleza mwenzake ukweli wote unaohusu mkataba. Mteja anayedanganya huwapandishia bei wateja waaminifu. Isitoshe, kuchunguza dai la simu ya shilingi elfu kumi kunahitaji maafisa, karatasi na muda ambao gharama yake yaweza kukaribia thamani ya simu yenyewe. Kwa hivyo kampuni hujikinga kwa vighairi vingi. Hoja hiyo ina mashiko. Lakini hoja hiyohiyo inathibitisha kwamba bidhaa ndogo inayoibwa mara kwa mara haikai vizuri ndani ya muundo uliobuniwa kwa ajili ya meli.

Hesabu ya Mwenye Rununu

Ichukuliwe mfano wa mwanafunzi aliyenunua rununu ya shilingi 20,000, na ada ya bima iwe shilingi 200 kwa mwezi, yaani 2,400 kwa mwaka. Mkataba unasema kwamba katika kila dai mwenye simu hujibebea shilingi 3,000 za kwanza, na kwamba thamani ya simu hupungua kadiri inavyochakaa. Takwimu hizi ni za kukisia, ila muundo wake ni wa kawaida katika bima za aina hii.

Simu hiyo ikiporwa mwezi wa nane, thamani yake ikiwa imeshuka hadi shilingi 16,000, fidia itakuwa 16,000 toa 3,000, yaani 13,000. Kufikia hapo mwenyewe amekwisha kulipa ada ya shilingi 1,600. Faida halisi ya bima ni shilingi 11,400. Si haba. Lakini mwaka ukiisha salama, shilingi 2,400 zimekwenda na hazirudi. Ukigawa 2,400 kwa 13,000, utapata kwamba ili wateja kwa jumla warejeshewe walichotoa, zaidi ya simu 18 katika kila 100 zingepaswa kupotea kila mwaka, tena zipotee kwa njia zinazokubaliwa na mkataba, na madai yote yalipwe. Hakuna kampuni ambayo ingepanga bei hivyo. Ina kodi ya kulipa, wafanyakazi wa kulipa, wakala wa kulipa na wenye hisa wanaosubiri gawio. Mteja wa wastani sharti apokee pungufu ya alichotoa. Hilo si kosa. Ndiyo bei ya utulivu wa moyo. Swali ni iwapo utulivu huo unahitajika kwa mali hii.

Akiba haiozi. Shilingi 200 zilezile zikiwekwa kando kila mwezi, baada ya miaka mitatu huwa 7,200. Kiasi hicho chatosha kununua mulika mwizi na kubaki na chenji, au kuwa sehemu kubwa ya bei ya simu nyingine ya kiasi. Akiba haiulizi kama mwizi alitumia nguvu. Haidai abstrakti. Haina vighairi. Na simu isipoibwa, fedha hubaki za mwenyewe. Wanafunzi watano wa bweni moja wakiungana, kama wanavyofanya katika vyama vya kuchangiana, huwa wamerudi kwenye kiini cha bima bila kumlipa mtu wa kati. Wanajuana, na mwongo kati yao hujulikana upesi.

Upinzani mzito wa hoja hii ni kwamba akiba huhitaji muda, ilhali mwizi haungoji. Simu yaweza kuibwa mwezi wa pili, akiba ikiwa shilingi 400. Hilo ni kweli, na kwa baadhi ya watu ndilo linaloamua. Mwendeshaji bodaboda anayetegemea simu kupata wateja hawezi kukaa wiki tatu bila kifaa cha kazi. Aliyenunua simu kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo huendelea kudaiwa hata baada ya simu kuporwa; hulipia kitu ambacho kinatumiwa na mwizi. Kwa watu hawa, kupoteza rununu kunakaribia kuzama kwa jahazi. Lakini mwanafunzi ambaye hasara yake ni kurudia simu ya kawaida kwa miezi michache na kutumia tarakilishi za maktaba, amepata adha, hakufilisika. Adha hailipiwi bima.

Lugha ya Tangazo na Lugha ya Mkataba

Hapa ndipo suala linapoingia katika uwanja wa wanaosoma jarida hili. Msikilize mwenye kuuza bima ya rununu. Tangazo lake redioni ni la Kiswahili chepesi, lenye vina na kicheko. Bango lake limeandikwa kwa Kiswahili, pengine kwa Sheng. Mhudumu dukani humshawishi mteja kwa Kiswahili. Mteja akishakubali, huletewa hati ya Kiingereza cha mawakili, kwa herufi ndogo, na kuonyeshwa mahali pa kutia sahihi. Au hubonyeza tu kitufe cha kukubali masharti asiyoyaona. Lugha ya kumvuta mteja ni moja. Lugha ya kumkatalia ni nyingine.

Mtu aweza kusema kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha kubeba mkataba wa bima. Kauli hii imezeeka, na inafaa kujibiwa kwa vitendo. Kifungu kinachowanyima wengi fidia chaweza kuandikwa hivi: Hatutalipa simu iliyochukuliwa bila nguvu au vitisho kutumika, wala iliyoachwa mahali bila mtu wa kuilinda, wala iliyopotea bila mwenyewe kujua ilivyopotea. Hicho kifungu kina maneno yasiyofika 25. Hakina neno hata moja ambalo mwanafunzi wa darasa la nane hangelielewa. Mteja aliyekisoma kabla ya kulipa angeuliza papo hapo, "Kwa hivyo nikichopolewa katika matatu hamlipi?" Yamkini ndiyo maana hakijaandikwa hivyo.

Ushahidi kwamba biashara kubwa inaweza kusema Kiswahili upo mfukoni mwa kila Mkenya. Menyu ya M-Pesa ilimruhusu mtumiaji kuchagua Kiswahili, na mamilioni wakatuma na kupokea pesa kwa lugha wanayoielewa. Fedha hazikuogopa Kiswahili. Kwa nini fidia ziogope? Upande wa kusini wa mpaka, Tanzania ilibadilisha sheria zake mwaka wa 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi hiyo ina changamoto zake, lakini hakuna awezaye tena kudai kwamba lugha hii haiwezi kubeba wajibu na haki.

Kwa upande wa Kenya, msingi wa kisheria upo. Katiba ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 7, inataja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike kikamilifu na bidhaa au huduma hiyo, na haki ya kulindwa kwa maslahi yake ya kiuchumi. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ilipitishwa mwaka wa 2012. Habari iliyoandikwa kwa lugha ambayo mpokeaji haielewi ni vigumu kuiita habari. Ni sauti tu.

Hata hivyo, haifai kudai kwamba Kiswahili pekee kitaponya kila kidonda. Mwaka wa 2019 mamlaka inayosimamia mienendo ya biashara za fedha nchini Uingereza ilitoza kampuni ya Carphone Warehouse faini ya takriban pauni milioni 29.1. Kosa lilihusu namna bima ya simu ilivyouzwa kati ya mwaka wa 2008 na 2015. Wauzaji walikuwa wamefunzwa kushawishi kuliko kupima iwapo mteja aliihitaji bima hiyo, na wengine waliuziwa kinga ambayo tayari walikuwa nayo kupitia bima nyingine. Huko mkataba na tangazo vilikuwa vya lugha moja, na bado watu walipunjwa. Funzo lake ni kwamba lugha inayoeleweka ni sharti la kwanza, si la mwisho. Baada yake kunahitajika muuzaji anayewajibika na msimamizi asiyelala. Lakini mahali ambapo hata sharti la kwanza halijatimizwa, ni bure kuyazungumzia mengine.

Nani Anunue, na kwa Masharti Gani?

Kutokana na hayo, ushauri unaweza kutolewa bila kigugumizi. Mwenye rununu ya bei nafuu, isiyo ya mkopo na isiyo chombo cha kazi, asinunue bima. Aweke akiba. Mwenye rununu ya bei kubwa kuliko uwezo wake ajiulize kwanza kwa nini ameinunua. Mwenye rununu iliyo chombo cha riziki, au iliyonunuliwa kwa mkopo ambao bado unalipwa, ana sababu ya kuifikiria bima, kwa masharti kwamba apate majibu ya maswali matano kabla ya kutoa shilingi moja. Je, kuchopolewa na kukwapuliwa kunafidiwa? Je, kiasi gani hujibebea mwenyewe katika kila dai? Je, thamani hupunguzwaje kadiri simu inavyozeeka? Je, atapewa simu mpya, iliyokarabatiwa au fedha? Je, dai huripotiwa katika muda gani na kwa nani? Mhudumu asiyeweza kujibu kwa Kiswahili kinachoeleweka, na kuonyesha majibu hayo katika mkataba, hajauza bima. Ameuza mbuzi ndani ya gunia.

Aliyekwisha kununua na akanyimwa haki yake hana sababu ya kunung'unika kimya. Mamlaka ya Kudhibiti Bima hupokea malalamiko ya wateja. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka wa 2021 chini ya sheria ya mwaka wa 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na mlalamishi anaweza kujiwakilisha bila wakili. Rununu iliyo ghali namna gani haijafika kiwango hicho.

Na kwa kila mtu, mwenye bima na asiyekuwa nayo, kinga iliyo bora ni ile isiyouzwa. Nambari ya utambulisho iandikwe daftarini. Stakabadhi ihifadhiwe. Nambari ya siri ya pesa isifanane na mwaka wa kuzaliwa. Laini ifungwe mara tu simu inapopotea, kabla ya machozi. Juu ya yote, rekodi za nyanjani na rasimu za tasnifu zinakiliwe mahali pengine jioni ya siku zilipoandikwa. Mtafiti akumbuke kwamba shairi alilorekodi kutoka kwa mzee wa miaka tisini halina thamani inayotambuliwa na kampuni yoyote, na kwa sababu hiyo hakuna atakayelilipia.

Limebaki jukumu la vyama vya Kiswahili vyuoni. Kila mwaka wanachama wake huandika makala kuhusu nafasi ya Kiswahili katika maendeleo, na kila mwaka hulalamika kwamba hakuna anayewasikiliza. Mkataba wa bima ya rununu ni kurasa chache tu. Wanafunzi wa tafsiri wakishirikiana na wenzao wa sheria wanaweza kuutafsiri katika muhula mmoja, wakaweka orodha ya istilahi zake na kuubandika ubaoni pamoja na ratiba za mitihani. Siku ambayo mwendeshaji bodaboda atasimama mbele ya ubao huo, asome kifungu cha wizi usiotumia nguvu na kuamua mwenyewe kununua au kutonunua, Kiswahili kitakuwa kimemfaa katika jambo linalogusa mfuko wake. Kazi hiyo haihitaji ruhusa ya serikali wala ya kampuni, na yaweza kuanza muhula huu.